Intel, AMD au NVIDIA? Kuchagua mashine ya Linux ya kuhariri video za harusi

Binti wa shangazi yangu, mkaazi wa Wete, Pemba, anapiga video za harusi upande wa wanawake. Kazi hiyo kwetu ina sharti moja ambalo linatangulia habari za kadi na prosesa: picha zile hazitoki nje. Mwenye harusi anataka akabidhiwe flashi mkononi, na anataka kuhakikishiwa kwamba hakuna kipande kilichopandishwa mahali kwenye mtandao. Kwa hiyo kila kitu, tangu kumwaga kadi ya kamera mpaka kutoa faili la mwisho, kinafanyika chumbani, kwenye mashine moja, juu ya diski iliyofungwa kwa nywila. Alipoamua kuhamia Linux niliona amefikiri vizuri. LUKS inafunga diski nzima tangu siku ya kusakinisha, na programu za kuhariri hazikudai akaunti wala mtandao ndipo zifunguke.

Swali lake alilileta kwa ujumbe wa sauti. "Kaka, pale Darajani kuna kompyuta tatu za mezani zilizotumika. Moja ina Intel tupu, haina kadi. Moja ina kadi ya AMD, na moja ina NVIDIA. Muuzaji anasema ya NVIDIA ndiyo kubwa. Nichukue ipi?"

Nikamuuliza: kamera yako inatoa faili gani?

Hakujua, na wengi hawajui. Tunanunua kadi kwa jina, halafu tunashangaa video inakwama.

Anza na faili

Nilimwomba anitumie sekunde kumi za ukuta mtupu, si za harusi ya mtu. Alipozituma nikaandika kwenye terminali amri ya ffprobe, inayosoma habari za faili:

ffprobe ukuta.mp4

Katika maandishi yanayotoka, mstari wa kuutazama ni ule wa video. Wake ulisema hevc, halafu yuv422p10le, halafu 3840x2160. Neno la kwanza ni kodeki, yaani njia iliyotumika kubana video: hevc ndiyo H.265. La mwisho ni ukubwa wa picha. La kati ndilo linaloamua ununue nini. Ile 10 ni biti: kila rangi ina ngazi 1,024 badala ya 256 za biti 8, na hapo ndipo kivuli cha ukuta au cha shela jeupe kinapopanda taratibu bila kukatika mistari. Ile 422 ni kiasi cha habari za rangi zilizohifadhiwa. Simu na kamera nyingi zinahifadhi 420, yaani rangi kwa robo ya nukta za picha. Katika 422 ni nusu. Kwa mtu anayepiga hina mikononi na dhahabu shingoni, chini ya taa za ukumbini, tofauti hiyo anaiona anapoanza kurekebisha rangi.

Sasa, kila kadi ya grafiki ina kipande chake maalumu cha kubana video (wakati wa kutoa faili) na kuibanua (wakati wa kuicheza). Kipande hicho kinajua aina fulani za mafaili na hakijui nyengine. Kisichojua, mzigo unaangukia prosesa. Na hii H.265 ya 4:2:2 biti 10 ni moja ya zile ambazo vipande vingi havizijui. Intel wanaibanua kwenye prosesa za kizazi cha 11 na kuendelea. NVIDIA wameileta kwenye mfululizo wa RTX 50 tu, mwaka 2025. AMD hawana kwenye RX 6000 wala RX 7000.

Nilijaribu hapa kwangu. Nina kompyuta kubwa yenye kadi ya bei niliyoinunua zamani kwa sifa zake kwenye michezo, na nina laptopu nyembamba ya Core i5 ya kizazi cha 11. Faili lile lile la ukuta nikalifungua kwa kichezeshi cha mpv, nikiongeza --hwdec=auto, kisha nikabonyeza herufi i ili takwimu zijitokeze juu ya picha. Kwenye kompyuta kubwa hakukuwa na alama yoyote kwamba kadi inasaidia, prosesa ilipanda, feni ikaanza kuvuma, na hesabu ya fremu zilizodondoka ikawa inakimbia. Kwenye laptopu likatokea neno vaapi, yaani grafiki ya Intel ndiyo inayobanua, na fremu zilizodondoka zikabaki sifuri. Feni yake sikuisikia.

Kama kamera yako, au simu yako, inatoa H.264 ya yuv420p, usijitie gharamani: mashine zote tatu za pale Darajani zitaibanua bila shida, na uchague kwa mambo mengine nitakayoyasema. Lakini ukishaona 422 kwenye mstari ule, orodha yako inakuwa fupi ghafla.

Intel

Draiva zake zimo ndani ya keneli, yaani moyo wa Linux, na kazi ya video inapita kwenye VAAPI, njia ambayo programu zinakifikia kile kipande cha video. Kwenye Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, kuna jambo moja dogo linalowapoteza watu: paketi intel-media-va-driver ni ile huria tupu, na sehemu ya uwezo wa kubana haimo. Sakinisha intel-media-va-driver-non-free, kisha andika vainfo. Itatoa orodha ndefu. Tafuta VAProfileHEVCMain422_10. Ikiwa pembeni yake kuna VAEntrypointVLD, mashine inaweza kubanua faili la kamera ya ndugu yangu. Palipoandikwa EncSlice, inaweza kubana pia. Orodha hii ndiyo ya kuiamini kuliko karatasi ya dukani. Unaweza kwenda na flashi yenye Linux ya kuwashia, ukaiwasha mashine palepale kaunta kabla ya kutoa pesa, na muuzaji wa kweli hatakukatalia.

Vizazi vyenyewe vimepanda hivi. Quick Sync, kile kipande cha video cha Intel, ilianza mwaka 2011 na kizazi cha 2, kwa H.264. Kizazi cha 6 kikaleta H.265 ya biti 8. Cha 7 kikaongeza biti 10 na kodeki ya VP9. Cha 11 kikaleta kusoma AV1, kodeki mpya zaidi. Kubana AV1 kulikuja na Arc, kadi za Intel wenyewe, mwaka 2022.

Tahadhari kubwa kwa anayenunua kompyuta ya mezani: herufi F. Core i5-12400 ina grafiki ndani yake, i5-12400F haina kabisa. Herufi moja tu, na mashine yenye F bila kadi haitoi hata picha kwenye skrini. Muuzaji akikwambia "i5 ya kizazi cha 12", mwambie akufungulie uone jina zima.

Halafu kuna umeme. Sisi tuliokaa gizani mwezi mzima mwaka 2008, na tena tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hatuihesabu UPS, ile betri ya akiba, kuwa pambo. Kadi ya NVIDIA RTX 3060 peke yake imepangiwa wati 170. AMD RX 6600 ni wati 132. Arc A380 ni wati 75. Grafiki ya ndani ya Intel inakula kutoka fungu lile lile la prosesa. Ukiwa na UPS ndogo, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utapata muda wa kuhifadhi mradi na kuzima kwa utaratibu, au mashine itakatika huku faili limefika nusu. Na yuniti za Tukuza, umeme wa kulipia kabla, unazinunua wewe.

Kuhusu Arc: ukiitia kadi hiyo kwenye Linux, hakikisha keneli ni 6.2 au zaidi, kwani kabla ya hapo ilikuwa bado ya majaribio. Debian 12 inakuja na 6.1, Debian 13 na 6.12.

AMD

Kwa urahisi wa kuishi nayo kila siku, AMD naipenda. Draiva ya amdgpu iliingia kwenye keneli mwaka 2015, toleo la 4.2, na sehemu iliyobaki iko kwenye Mesa, maktaba huria za grafiki. Unachomeka kadi, unawasha, picha inatoka. Unasasisha mfumo usiku, asubuhi mashine inaamka kama ilivyolala. Kwa mtu aliye Wete, ambaye fundi wake wa Linux yuko ng'ambo ya maji, hilo si jambo dogo.

Mitego yake miwili lakini uijue. Wa kwanza ni RX 6400 na RX 6500 XT. Ni kadi mpya kwa sura, bei yake inavutia, na kipande cha kubana video hazina. Si H.264, si H.265. Wala hazisomi AV1, ingawa ndugu zao wakubwa wa RX 6000 wanaisoma. Kwa mhariri wa video, kadi ya zamani zaidi inaweza kuwa na manufaa kuliko hizo. Wa pili ni wa Fedora, toleo jengine la Linux: tangu Fedora 37, mwaka 2022, Mesa yao imeondolewa H.264 na H.265 kwa sababu za hataza. Mtu anasakinisha, anaona vainfo haionyeshi kodeki hizo, anadhani kadi mbovu. Dawa ni kuongeza hazina ya RPM Fusion na kuweka mesa-va-drivers-freeworld. Debian haina usumbufu huo.

Na kwa macho yangu, H.264 inayobanwa na kadi za AMD kwa ukubwa wa chini haifikii ile ya Intel wala ya NVIDIA: mikunjo ya nguo inayochezacheza inageuka ukungu. Ukitoa faili kubwa huoni. Ukirusha moja kwa moja kwa OBS, programu ya kurusha video, kwenye mtandao wetu mwembamba, utaona.

NVIDIA

Muuzaji hakudanganya aliposema kubwa. NVENC, iliyoanza mwaka 2012, ni kibanaji kizuri, na CUDA, njia ya kuifanyisha kadi hesabu, inatumiwa na programu nyingi nzito. Tatizo liko kwenye draiva. Draiva ya NVIDIA inakuja kutoka nje ya keneli, na kila keneli ikibadilika sharti isukwe upya. Mara nyingi inakwenda vizuri. Siku isiyokwenda, unawasha mashine na skrini nyeusi. Nasaha yangu kwa mwenye NVIDIA ni kwamba wiki ya kukabidhi kazi hasasishi kitu chochote.

Umri wa kadi nao uutazame. Kadi za GTX 900 na GTX 1000, ambazo ndizo zimejaa kwenye mashine zilizotumika, zimeachwa kwenye tawi la 580 la draiva. Matawi ya baadaye hayazibebi. Moduli huria za keneli ambazo NVIDIA walizitoa mwaka 2022 zinahitaji GTX 16, RTX 20 au mpya zaidi. Na ukitumia Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha, anzia draiva ya 555 ya mwaka 2024, kwani chini ya hapo madirisha yalikuwa yakimetameta.

Kdenlive au DaVinci Resolve

Hapa ndipo uamuzi wa kadi unapofungwa au kufunguliwa, maana programu mbili hizi za kuhariri zinataka mashine tofauti.

Resolve ni bora kwa rangi. Hilo silipingi, na mtu anayepiga filamu ana haki ya kuitaka. Lakini kwenye Linux toleo lake la bure halifungui H.264 wala H.265, yaani halifungui faili la kamera yako, wala la simu yako. Toleo la kulipia, ambalo bei yake imekuwa dola 295 mara moja, ndilo linalozifungua. Wasiolipa wanageuza kwanza kila klipu kuwa DNxHR, kodeki ya kuhariria, kwa FFmpeg, programu ya amri ya kugeuza video:

ffmpeg -i klipu.mp4 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_sq -pix_fmt yuv422p -c:a pcm_s16le klipu.mov

Inafanya kazi. Tupige hesabu ya nafasi. DNxHR SQ kwa picha ya 1080 na fremu 25 ni kiasi cha megabiti 120 kwa sekunde, ambayo ni gigabaiti 54 kwa saa. Harusi ya saa nne kwa kamera mbili ni saa nane, gigabaiti 432. Hiyo ni harusi moja. Kwa 4K zidisha karibu mara nne. Na SQ ni ya biti 8. Ukitaka kulinda zile biti 10 za kamera inabidi uende dnxhr_hqx, ambayo ni nzito zaidi. Msimu wa harusi ukipamba moto, kabla Ramadhani haijaingia, ndugu yangu ana harusi kila mwisho wa wiki. Diski za kutosha angezitoa wapi?

Resolve pia inataka kadi kweli. NVIDIA ndiyo njia iliyonyooka. Kwa AMD unahitaji OpenCL ya ROCm, yaani programu zao za kuifanyisha kadi hesabu, na utatumia siku kuipanga. Grafiki ya ndani ya Intel usiitegemee huko.

Kdenlive, mradi uliozaliwa mwaka 2002, inakaa juu ya MLT, injini ya kuhariri video, na FFmpeg, kwa hiyo kile ambacho ffprobe inakisoma, Kdenlive inakifungua. Haina haja ya kugeuza. Kwa mafaili mazito unawasha proksi: programu inatengeneza nakala ndogo za kuhariria nyuma ya pazia, unakata na kupanga kwa nakala hizo, na wakati wa kutoa inarejea kwenye zile halisi. Prosesa ndiyo inayobeba kazi nyingi ya taimlaini, kadi inakuja kusaidia kubana mwishoni. Rangi zake hazifiki za Resolve. Lakini kwa kupanga kamera mbili, kutia nyimbo, kulainisha mpito na kuandika majina ya maharusi, haijawahi kuniangusha. Shotcut inatumia MLT hiyo hiyo na ni nyepesi kujifunza, ila kwenye kazi ndefu yenye njia nyingi naona Kdenlive inapangika zaidi.

Wakati wa kutoa, kumbuka flashi ile itachomekwa nyuma ya televisheni ya nyumbani. Toa MP4 ya H.264, biti 8, 4:2:0, sauti AAC. AV1 inabana vizuri ajabu, lakini mama wa bibi harusi akichomeka flashi na televisheni ikasema haifunguki, simu itakuja kwako.

Kuhusu vichezeshi sina maneno mengi: mpv kwa kupima, kwa sababu ya ile herufi i, na VLC kwa kumwekea mteja, kwa kuwa inacheza karibu kila kitu na vitufe vyake vinajulikana.

FreeBSD nayo?

Niliulizwa habari za mfumo huu, ulio kama ndugu wa Linux, na rafiki anayeuendesha kwenye seva yake. Kwa kutazama video na kuhariri kidogo inafaa: draiva za Intel na AMD zinaletwa kutoka Linux kwa drm-kmod, NVIDIA wana draiva yao rasmi, na kamera za USB zinapita kwenye webcamd. Kdenlive na OBS zimo kwenye paketi. Lakini hapo unategemea kazi iliyofanywa kwanza kwa Linux, na Resolve haipo. Mtu anayekula kwa kazi hii akae Linux.

Kanda za zamani

Ndugu yangu ana jambo jengine, na ndilo lililopindua mizani. Nyumbani kwao kuna boksi la kanda: VHS chache na MiniDV nyingi za harusi za ukoo.

Kwa VHS utahitaji kile kidude cha USB kinachouzwa kwa jina la EasyCap. Nje ni kile kile, ndani kuna chipu nne tofauti. Chomeka na uandike lsusb. Ukiona 05e1:0408 ni STK1160, na 1b71:3002 ni usbtv. Zote zina draiva ndani ya keneli. Zenye em28xx nazo zimo. Ukiona 1c88:0007 ni Somagic, hiyo haimo kwenye keneli, rudisha dukani. Kanda zetu ni za PAL, nukta 720 kwa 576, mistari ikipishana, kwa hiyo pitisha bwdif, kichujio cha kuunganisha mistari hiyo, kwenye FFmpeg, la sivyo kila anayecheza ngoma ataonekana ana meno ya chanuo ubavuni.

MiniDV ni bora zaidi, kwani kanda ile tayari ni ya dijitali: picha ni megabiti 25 kwa sekunde, na pamoja na sauti inafika kama gigabaiti 13 kwa saa, na inanakiliwa kama ilivyo bila kupoteza chochote. Inapita kwenye waya wa FireWire. Apple wameuondoa kabisa kwenye macOS 26, mwaka 2025. Linux bado inao, na wanaoutunza wamepanga kuendelea mpaka 2029. Laptopu za leo hazina tundu lake. Kompyuta ya mezani yenye nafasi ya PCI Express inapokea kadi yake ndogo, na basi.

Kwa hiyo nilimwambia achukue ile ya Intel tupu, i5-12400 isiyo na F, ambayo muuzaji aliiweka mwisho. Pesa iliyobaki ilinunua RAM, diski, UPS na kadi ya FireWire. Siku akitaka Resolve ya kulipia, nafasi ya kadi kubwa iko wazi.

Mashine ilipanda boti mpaka Mkoani, ikafika Wete jioni. Kamera ya zamani ya kuchezeshea ilitoa alama ya unyevu usiku ule, tukaiacha chumbani na kifuniko wazi mpaka asubuhi. Kisha akaandika amri ya dvgrab, inayonakili kanda kupitia FireWire:

dvgrab --autosplit --timestamp --size 0 harusi-

Kanda ya MiniDV inabeba ndani yake tarehe na saa ya kupigwa, na dvgrab inaiweka kwenye jina la faili. Alinipigia picha ya skrini. Faili la kwanza lilikuwa harusi-2004.08.14_16-22-05.dv. Chini yake akaniandikia kwamba sauti inayosikika mwanzo, ikiwaambia watoto waondoke mbele ya kamera, ni ya bibi.